Nyuki wamekufa, alizeti imejaa mapepe: je, ninunue dawa?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mkulima wa wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida. Nina mizinga 14 ya viunzi vya juu (vile vibao ambavyo nyuki huning'iniza masega), ekari 3 za alizeti, na nusu ekari ya matikiti bondeni. Machi mwaka huu, alizeti ikiwa imechanua, niliamka nikakuta nyuki wamekufa chini ya mizinga minne, wa kuzoa kwa koleo. Mizinga mingine ilibaki, lakini kufika Aprili nyuki wakaanza kuhama, leo mzinga huu, kesho ule. Imebaki mitatu, na hiyo niliivuna yote Juni maana niliogopa nayo itahama na asali. Alizeti nilizoea magunia 24, safari hii nimepata 13, tena mapepe mengi. Matikiti ya Agosti yamepinda, hayauziki. Jirani mwenye shamba kubwa alipuliza dawa ya funza mwezi huo wa Machi, kama saa 4 asubuhi hivi. Mimi alizeti sikupuliza. Mwenye duka la pembejeo anasema nyuki wana ugonjwa, niwape dawa ya unga ya kuku kwenye maji ya sukari, na mizinga niipulizie dawa ya kuogeshea ng'ombe. Kaka yangu anasema nyuki na alizeti havihusiani, upepo unatosha. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Hiyo hela ya dawa usiitoe kwanza. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonishika ni neno moja ulilolitaja kwa kupita tu: koleo. Nyuki wa kuzolewa kwa koleo asubuhi moja hao hawakuugua. Ugonjwa wa nyuki hauji hivyo.

Mzinga wenye nguvu hupoteza nyuki kwa mamia kila siku, na wewe mwenye mzinga hujui. Malkia wakati wa maua hutaga mayai 1,000 na zaidi kwa siku, na nyuki kibarua katika msimu wa kazi huishi kama wiki 6 tu, kwa hiyo wanaozaliwa na wanaokufa wanakimbizana. Ila nyuki mzee hafii nyumbani. Siku moja anatoka na mbawa zilizochakaa ncha, anakwenda shambani, harudi. Wale wachache wanaofia ndani hukokotwa na wenzao hadi mlangoni, wanabebwa na kutupwa mbali, na watakaoanguka karibu wanamalizwa na sisimizi kabla hujaamka. Ndiyo maana mtu anaweza kufuga miaka mingi asione mlangoni zaidi ya maiti kadhaa kwa asubuhi. Ukiona rundo limetokea kwa ghafla, wakati wa maua, shuku sumu kwanza. Na nitashangaa sana ukiniambia ile minne haikuwa mizinga yako yenye nyuki wengi kuliko yote. Mzinga wenye nguvu ndio wenye watafutaji wengi shambani, kwa hiyo ndio unaoletewa msiba mkubwa. Ugonjwa hufanya kinyume: huanza na wanyonge.

Laiti ungewaokota wachache ukawatazama kwenye kiganja. Nyuki aliyekufa kwa sumu mara nyingi ulimi wake umetoka nje, mrefu, mwekundu-kahawia, kama uzi. Wengine wana chavua bado miguuni, vidonge viwili vya njano, ishara kwamba kifo kiliwakuta wakiwa kazini na wakajikokota hadi nyumbani. Na kama ungewahi asubuhi ile ungewakuta wengine bado hai, wamelala chali wanajizungusha, mbawa zinatetemeka, hawawezi kuruka. Walinzi mlangoni nao huwa wakali, wanapigana hata na ndugu zao wanaorudi, kwa sababu wananuka vingine.

Likitokea tena, Mungu apishie mbali, usiwazike wala usiwachome. Kusanya nyuki 200 au zaidi waliokufa siku hiyo hiyo, waweke kwenye bahasha ya karatasi na siyo mfuko wa nailoni maana wataoza, tia kwenye friji ya mtu yeyote mwenye barafu, kisha mpigie afisa nyuki wa wilaya. Andika tarehe na saa. Sampuli ya kupimwa viuatilifu inapitia kwake kwenda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, wale ambao wazee bado tunawaita TPRI, pale Ngaramtoni nje ya Arusha. Nyuki wa wiki mbili waliokaukia juani hawasemi kitu tena.

Sasa utaniuliza: kama ni sumu ya Machi, mbona wengine wamehama Aprili? Hapa ndipo watu wengi hupotea, na ndipo muuza dawa anapopata nafasi.

Sumu haikuua mizinga minne tu. Kuna dawa zinazomwangusha nyuki pale pale kwenye ua. Huyo hutamwona mlangoni kabisa. Mzinga unabaki na malkia, majana, yaani watoto wa nyuki, na vijana waleaji ambao bado hawajaanza kutoka nje. Ukiutazama kwa mbali unasema uko salama. Lakini majana yanataka joto la nyuzi 34 hadi 35 usiku na mchana, yanataka chavua na maji kila siku, na waletaji hawapo. Majana yaliyo pembeni mwa sega yanakufa. Yakishakufa yananuka, na harufu hiyo ni tangazo: anakuja mende mdogo wa mzinga, yule mweusi saizi ya punje ya mtama, anakuja nondo wa nta, wanakuja siafu. Mzinga wenye nyuki wa kutosha humzingira huyo mende kwenye nyufa na kumfungia huko kwa gundi yao, nondo naye humfukuza mlangoni. Mzinga uliopoteza nusu ya watu wake hauwezi. Basi wewe unafungua Aprili, unakuta utando mweupe wa nondo umetanda kwenye masega na funza wake ndani, unasema nondo ndiye kafukuza nyuki. Nondo ni kama fisi kwenye mzoga. Muulize nani kaua.

Na nyuki wetu wana desturi yao. Hawa wa nyika za Afrika Mashariki, ambao kitaalamu wanaitwa scutellata, hawang'ang'anii nyumba mbaya. Njaa ikizidi, maji yakikosekana, jua likichoma mzinga mchana kutwa, siafu wakipanda mara mbili, wanajaza matumbo asali iliyobaki na kuondoka na malkia wao. Wenzao wa Ulaya hukaa wakafa palepale kwa sababu wamezoea baridi: huko ukihama na majira ya theluji yako mlangoni umekwisha. Ndugu za hawa wako walipelekwa Brazili mwaka 1956 na mtaalamu Warwick Kerr, makundi kadhaa yakamponyoka mwaka uliofuata, na kufikia 1990 walikuwa wamekwisha kuvuka mpaka wa Texas. Kwa hiyo mzinga mtupu usio na maiti, usio na asali, wenye masega makavu, siyo mzinga uliougua. Wamehama. Swali ni nini kiliwahamisha wale, na nini kinaweza kuwahamisha waliobaki. Kwako wewe naona walau mambo mawili: sumu hiyo, na moja lililo lako mwenyewe.

Usinikasirikie. Umesema ile mitatu iliyobaki uliivuna yote Juni ukiogopa watahama na asali. Mwanangu, umewapa sababu ya kuhama. Manyoni kuanzia Julai mpaka miti ichanue tena ni kipindi kikavu, na asali ile ndiyo ilikuwa akiba yao ya kukivuka. Katika mzinga wa viunzi vya juu, ukivuna, acha masega yote yenye majana na chavua, na juu ya hayo acha mengine 3 au 4 yaliyojaa asali, yale yaliyo jirani na majana. Ndoo itapungua, najua. Lakini mzinga uliovunwa mpaka kiunzi cha mwisho unakulipa mara moja tu. Kama hiyo mitatu bado ina nyuki leo, wape maji ya sukari, sukari moja kwa maji moja, jioni, ndani ya mzinga na siyo nje, maana ukiweka nje unaita wizi na vita. Weka kidogo kidogo mpaka maua yaje. Ikishaanza kuingia asali ya maua, acha, usije ukavuna sukari yako mwenyewe na kuiuza kama asali.

Turudi kwa mwenye duka. Simwiti tapeli, kwa sababu alichokwambia kina chanzo. Huko Marekani wafugaji hutumia dawa jamii ya hiyo ya unga ya kuku kwa magonjwa ya bakteria yanayooza majana, na amitrazi, ambayo utaikuta kwenye baadhi ya dawa za kuogeshea ng'ombe, ndiyo hiyo hiyo inayotumika huko na Ulaya kuua utitiri wa Varroa. Kwa hiyo amesikia jambo, ila amelileta pasipo lake.

Huo utitiri ni kweli upo kwetu. Asili yake ni nyuki wa Asia, akaingia kwa nyuki wa Ulaya karne iliyopita, akaonekana Afrika Kusini mwaka 1997, na mwaka 2009 akagunduliwa Kenya na Tanzania. Ni kadudu kekundu-kahawia kama kichwa cha pini kilichobapa, kananyonya nyuki na kuingia na majana kwenye chumba kabla hakijazibwa. Ulaya na Marekani mzinga usiotibiwa kwa kawaida haumalizi miaka 3. Lakini utafiti uliofanyika Kenya katika maeneo 24 ya mizinga na kutangazwa mwaka 2014 ulimkuta karibu kila mahali, isipokuwa eneo moja la mbali huko kaskazini, pamoja na virusi vyake, na bado makundi hayakuonekana kudhoofika kwa sababu yake. Nyuki wetu hujisafisha na kusafishana sana, majana yao hukomaa upesi kidogo, na hiyo tabia yao ya kugawanyika na kuhama, inayotuudhi sisi, humkatia utitiri uzazi wake. Ukianza kuwatibu unawaokoa wanyonge, wanazaa wanyonge wenzao, na baada ya miaka michache utakuwa mtumwa wa dawa kama wafugaji wa huko. Mimi katika kazi hii sijawahi kumshauri mfugaji wa Tanzania aweke dawa ya utitiri, na sitaanza na wewe.

Tena fikiria: dawa nyingi za kuogeshea mifugo ni za jamii ya pairethroidi, ndugu wa damu wa dawa za kuulia funza shambani. Ungepuliza mizinga kwa kitu kile kile ambacho huenda kiliwaua. Na nta hunywa dawa ikaitunza kwa miaka. Asali ya Tanzania inaruhusiwa kuingia soko la Ulaya kwa sharti kwamba mabaki ya dawa yanapimwa, na tetrasaiklini ya kuku ni moja ya vitu wanavyovitafuta.

Ukitaka kujitoa wasiwasi juu ya ugonjwa, fungua moja ya hiyo mitatu jioni, kwa moshi mwingi wa upole, na kabla ya kwenda usile ndizi. Sitanii: harufu ya hasira ya nyuki, ile anayoiachia akichoma, ina kemikali yenye harufu ya ndizi mbivu. Toa sega moja la majana. Jana zima ni jeupe kama lulu, limejikunja kwenye chumba chake, linang'aa kwa unyevu. Vifuniko vya vyumba vilivyozibwa viwe vikavu, vimeinuka kidogo, rangi ya biskuti. Ukikuta vifuniko vimezama na kutoboka, majana yamegeuka kahawia, na ukichokoa kwa njiti ya kiberiti yanavutika kama mlenda na kunuka vibaya, funga mzinga, nawa mikono, osha kisu, usihamishe sega lolote kwenda mzinga mwingine, mwite afisa nyuki siku hiyo hiyo. Mimi sitegemei utayakuta.

Kaka yako naye nimjibu kwa heshima, kwa sababu nusu ya maneno yake ni kweli. Mahindi, mtama, uwele, mpunga: hayo yote kazi yao hufanywa na upepo au na yenyewe. Chavua ya mahindi ni unga mwepesi. Tikisa bua uone vumbi linavyoruka. Alizeti siyo hivyo. Mwambie apitishe kidole kwenye kichwa cha alizeti kilichochanua nusu. Chavua itaganda kwenye ngozi yake kama ukoko wa dagaa, nzito, inanata, na kwa darubini kila punje ina miiba. Hiyo imeumbwa kushika manyoya ya mdudu. Upepo haiuoni.

Kile tunachokiita ua la alizeti ni maua 1,000 hadi 2,000 yaliyopangwa kwenye sahani moja. Majani ya njano ya pembeni ni mapambo, hayazai kitu. Maua yenyewe hufunguka kwa duara kutoka ukingoni kwenda katikati, duara baada ya duara, siku 5 hadi 10 kwa kichwa kimoja. Kila ua siku ya kwanza hutoa chavua, na siku inayofuata ndipo hufungua mdomo wa kike kupokea. Kwa hiyo chavua yake ikiwa tayari, yeye mwenyewe hayuko tayari. Juu ya hapo, mbegu zetu za zamani zilizozoeleka, Rekodi na jamaa zake, huikataa kwa kiasi kikubwa chavua ya kichwa chao wenyewe. Zinataka ya mmea mwingine. Chotara za kisasa zina unafuu, zinaweza kujizalisha zaidi, lakini nazo hujaza vizuri zikitembelewa. Ua lisilotembelewa hutengeneza ganda bila kiini, na hilo ndilo pepe. Kwa macho kichwa kinapendeza, ukipukuchua gunia linajaa, ukibeba unashangaa wepesi, na ukifika mashineni mafuta hayatoki. Magunia yako 13 yapime kwa kilo siyo kwa gunia, utaona hasara ni kubwa kuliko unavyodhani.

Alama ya kukuambia kwamba shida ilikuwa nyuki na siyo mvua: ukame huacha mapepe zaidi katikati ya kichwa, kwa kuwa katikati hujaza mwisho, na chakula kinakuwa kimekwisha. Wachavushaji wakikosekana mapepe yanatawanyika kichwa kizima, pamoja na ukingoni ambako maji yalikuwepo. Kama una vichwa vilivyobaki stoo, tazama.

Matikiti yanasema vizuri zaidi. Ua la kike la tikiti unalijua, lina katikiti kadogo kenye vinyweleo chini yake, saizi ya zeituni. Linafunguka jua likichomoza na jioni limekwisha, halifunguki tena. Siku moja tu, na saa zake nzuri ni kabla ya saa 4 asubuhi. Ndani yake kuna kichwa chenye mapande matatu kama jiko la mafiga. Kila figa linataka chavua, mamia ya punje kwa ujumla, na kipimo kinachotajwa ni nyuki watembelee ua hilo mara 8 au zaidi. Wakija wawili, tikiti linaanguka likiwa dogo. Wakija watatu wanne, figa moja linapata, jingine linakosa, na tunda linajaa upande mmoja tu. Chukua tikiti lako lililopinda, likate kwa urefu. Upande ulionenepa utakuta mbegu nyeusi zilizokomaa. Upande ulionyauka mbegu ni nyeupe, bapa, tupu. Nimewahi kukata tikiti kama hilo mbele ya wakulima darasani na nisihitaji kusema neno tena.

Ila hapo kuna swali hukulijibu. Umesema alizeti hukupuliza. Matikiti je? Sijaona mtu analima matikiti bondeni bila kupambana na vidukari na nzi wa matunda, na watu hupuliza asubuhi kwa sababu ya jua. Kama na wewe ulipuliza asubuhi maua yakiwa wazi, basi hao wachache waliobaki umewafukuza wewe, na jirani hana kosa la Agosti.

Jirani huyo usimwendee na lawama. Mwendee kabla ya kupanda, na habari ya faida yake: shamba lake kubwa lililochanua bila nyuki lina mapepe kama lako, na mengi zaidi. Mwombe mambo machache. Funza akaguliwe na kupulizwa mapema, kichwa kikiwa bado kijani kimefungwa, kabla ya njano ya kwanza kuonekana. Ikibidi kupuliza maua yakiwa yamefunguka, iwe jua limezama, nyuki wakiwa nyumbani, na iwe dawa ambayo ukali wake haudumu kwenye ua. Hapo kibandiko kisomwe kweli, maana dawa za jamii ya imidaklopridi huingia ndani ya mmea na kutokea kwenye chavua na mbochi, yaani maji matamu ya ua. Ukipuliza usiku nyuki anazikuta asubuhi na wiki inayofuata. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku tatu za jamii hiyo mashambani mwaka 2018, imidaklopridi ikiwemo, kwa sababu ya nyuki. Huku kwetu zinauzwa dukani karibu na sabuni. Na jambo dogo watu hawalifikirii: maji ya kuoshea bomba yasimwagwe yakatuama. Nyuki wa Manyoni mwezi mkavu anatafuta maji kama mchunga ng'ombe, atakunywa hicho kidimbwi kabla ya kingine.

Akikuambia siku atakayopuliza, usizibe milango ya mizinga kutwa. Watakufa kwa joto, na utanilaumu mimi. Walowekee magunia uwafunike alfajiri, mlango ukiwa na upenyo wa hewa, mpaka saa 4 au 5, basi. Kuisogeza mizinga mita 200 ni kazi bure. Nyuki wanaruka kilomita 2, 3 na zaidi kufuata maua, na waliotoka nje watarudi kwenye nafasi ya zamani wakazunguka hewani hadi giza.

Kuhusu kujaza mizinga upya, muda wako ni sasa. Miyombo huchanua kabla mvua hazijaanza, na makundi huwa yanatembea. Toa masega yote ya zamani kwenye mizinga iliyokufa Machi. Nta yake usiisugue kwenye viunzi, na asali kama ilibaki usiuze wala usiwalishe nyuki wengine, fukia. Kwangua mzinga, pitisha moto wa majani makavu ndani kwa haraka, halafu sugua viunzi kwa nta safi ya mzinga mzima. Viunzi viwe na upana wa milimita 32, maana hata ukizidisha kidogo tu hawa nyuki wetu watajenga masega yakikatiza kutoka kimoja hadi kingine, na utavuna kwa kuvunja. Tundika kwa waya kivulini, usawa wa kifua chako, paka waya grisi au oili chafu dhidi ya siafu, na weka beseni la maji lenye vijiti vya kutua lisilokauka. Usitegemee mizinga yote 11 ikalike. Ikikalika 5 msimu huu umefanya vizuri. Kwa uchavushaji wa alizeti mzinga mmoja au miwili yenye nguvu kwa ekari inatosha.

Na usiwasahau wasio wako. Yule mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa ukamfukuza kwa fagio ndiye mwenye kuchavusha pasheni vizuri kuliko nyuki wa asali. Mwili wa nyuki wako ni mdogo kwa ua lile. Nyanya hunufaika na nyuki wa kutetemesha ua kwa misuli ya mbawa, na nyuki wa asali hajui kazi hiyo kabisa. Mbuyu ni wa popo. Papai linategemea nondo wakubwa wa jioni. Nyuki wadogo wasiouma, wanaokaa kwenye matundu ya miti na kuta, wanafanya kazi matikitini bila kumsumbua mtu. Wengi wa nyuki wasiofugwa huchimba kwenye ardhi ngumu isiyolimwa au hukaa kwenye mti mkavu. Kwa hiyo ukingo wa shamba, mita 2 au 3, usiulime wala usiuchome moto. Utaambiwa wewe mvivu. Vumilia.

Matikiti ya msimu ujao, kama nyuki hawajajaa, unaweza kuyaokoa kwa mkono kwa kuwa ni nusu ekari tu. Saa 1 asubuhi chuma ua la dume, lile lisilo na katikiti, bandua majani yake, lipake taratibu kwenye mafiga yote matatu ya ua la kike. Dume moja kwa majike mawili. Watoto wanalipenda zoezi hili kabla ya kwenda shule.

Alizeti nayo ikianza kuonyesha njano, kabla hata ua moja halijafunguka, chagua vichwa 3 vinavyolingana na jirani zao, uvivike mifuko iliyoshonwa kwa chandarua kuukuu kilichofuliwa vizuri, kisicho na dawa. Upepo utapita, nyuki hawatapita. Acha mpaka vikomae. Siku ya kuvuna vikate pamoja na vingine 3 vya jirani, viweke kwenye ungo mbili, na mpe kaka yako avipukuchue na kuvipepeta yeye mwenyewe.